Kifundo Chekundu

Ukiuona udongo wetu wa Yala, pale mafunjo yanapoishia,
mweusi kama kitako cha sufuria,
utasema: hapa hata mpini ukichomekwa utazaa.
Nami nilisema hivyo, mwaka ule Wandera alipochimba mtaro.
Maji yakashuka, mafunjo yakakauka,
tukatia moto.
Moto ukazama.
Siku kumi na saba ulitembea chini ya nyayo zetu
ukitoa moshi tusipoutazamia, kama siri ya ukoo.

Kunde za kwanza zilitoka manjano.
Za pili, manjano.
Kumbe weusi ule ni majani yaliyokataa kuoza:
ghala limejaa, ufunguo hakuna.

Ndipo akaja Nabwire, binti wa dada yangu,
na kijiko cha chai na chupa zenye vifuniko.
Shamba hakulitazama. Alitaka mzizi wa kunde-mwitu
uliojiotea ukutani mwa mtaro.
Akauchimbua taratibu, kama atoaye funza mguuni mwa mtoto,
akaenda nao Maseno.
Miezi tisa. Tukamsahau.

Alirudi na pakiti, ndogo kuliko ya majani ya chai.
"Mama mkubwa, humu mna bakteria. Wako hai. Usiwaanike."
Nikacheka: nimefuga kuku, nimefuga mbuzi,
leo nifuge nisichokiona!
Lakini nikawalaza kando ya mtungi, penye ubaridi,
nikakoroga sukari kidogo ipate kunata,
nikavingirisha mbegu kivulini hadi zikavaa masizi,
nikazifukia kabla jua halijajua.

Wiki ya sita niling'oa mche mmoja.
Vifundo mzizini, kama shanga.
Nikakipasua kimoja kwa ukucha:
chekundu.
Chekundu kama ufizi wa mtoto anayeota jino.
Nikakaa chini pale pale topeni, na leso yangu mpya.

Egesa jirani anauliza bei.
Namwambia ngoja, huu si uchawi.
Kona iliyoungua zaidi ingali manjano,
na ardhi imeshuka, kizingiti cha jiko kinaning'inia.
Hawa wadogo huilisha kunde;
kina kilichokwenda na moshi hawakirudishi.

Basi jana, mimi na Wandera, bila kusemezana,
tulijaza udongo magunia sita
tukauziba mtaro, nusu.
Maji yakasimama, kama yanayofikiri,
kisha yakaanza kurudi.