Bawaba

Saa tisa usiku, nje ya Campinas,
pete ya mwanga inanguruma chini ya sakafu
kama kinu kinachosaga hewa tupu.
Fuwele yangu, ndogo kuliko chembe ya chumvi,
inazungushwa katika upepo wa baridi kali,
eksirei inaichapa, madoa yanatawanyika kwenye kioo.
Kwa madoa hayo nitakokotoa umbo.
Cátia wa zamu amelala, shavu juu ya kibodi.

Tuliitoa kwa bakteria
aishiye ndani ya mishipa ya muwa,
muwa uleule, Mama, wa Guariba.
Ana kuta mbili, na baina yake ujia mwembamba
ambamo protini hii huzurura,
viganja viwili vilivyoungwa kwa bawaba,
vimeachama.
Sukari ikipenya tundu la ukuta wa nje
ikaangukia bondeni, viganja hufumba.
Si kwa mabavu.
Ni kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja
hakiwezi kushika hata uvumi;
vikiwa tisa, sukari haichopoki,
na pete bapa ya triptofani inaiegemea ubavuni
kama mgonjwa na mgonjwa kwenye benchi la zahanati.

Na inajua kuchagua.
Glukosi na galaktosi ni pacha,
wanatofautiana mkono mmoja wa oksijeni,
huyu kauinua, yule kauinamisha.
Inapapasa gizani. Asiye wake inamwacha apite.

Nilipokueleza haya jikoni, uliuliza:
"Na mpimaji wao ni nani?"
Ulikuwa bado unaye Seu Anacleto moyoni
na bikari yake ya mbao,
mita zikisinyaa kila alipoizungusha,
tani yako ikifika ofisini robo tatu.
Nikacheka. Hakuna mpimaji, nikasema.
Sikukwambia kwamba yenyewe haili.
Huibeba sukari hadi lango la utando wa ndani,
lango hulipa ATP mbili,
ndipo bawaba hulegea, mzigo ukadondoka ng'ambo,
nayo ikarudi ujiani mikono mitupu.
Sikukwambia. Ungenyamaza, ukaosha kikombe kilichokwisha oshwa.

Mwezi wa saba, mashamba yakiungua,
masizi yalitua juu ya shuka tulizoanika,
nawe uliketi kitandani, mkono wa kulia umekwama,
umefumba unene wa mpini.
Panga lilikuwa mlangoni.
Mkono haukusadiki.
Nilikuwa na miaka minane. Karai, maji moto, chumvi.
Nikafungua gumba. Nikafungua cha shahada.
Nilipofika cha kati, gumba lilikuwa limejifunga tena.
"Anza upya," ulisema, macho ukutani.

Nina picha kumi na moja za protini hii ikiwa imefumba.
Ikiwa wazi, sina hata moja.
Matone mia nne nimeyatega bila sukari,
na bila sukari haitulii,
inapepesuka, haikubali kupangwa safu.
Hapa katika fuwele imeshika, na imeshikwa;
hakuna lango, hakuna wa kuilipa.

Cátia anainua kichwa, vitufe vimemwachia alama shavuni.
"Imetoka?"
"Imefumba."
Anatazama saa. "Tuna mwanga hadi saa kumi na moja."
Ninatumbukiza kitanzi cha nailoni
katika tone linalofuata.