Tarehe ya Kuanza, Tarehe ya Kumaliza

Mwezi Machi, kwa feri ya alfajiri,
nilikwenda Zadar na mkasi ndani ya mkoba,
kana kwamba karani angesema: haya, ninyoe tukuone.

Aliniuliza jina la biashara.
Nikasema, Jerka.
Jerka nani? Jerka nini?
Fomu haijui kwamba kisiwani kwetu, nyumba arobaini,
Jerka ni mmoja, na anayetaka kunyolewa huja kupiga kelele dirishani.
Tukaandika: Jerka, Kinyozi wa Msimu.
Tarehe ya kuanza: Juni mosi.
Tarehe ya kumaliza: Septemba thelathini.
Hapo kalamu ikasita. Nina miaka hamsini na tisa,
sijawahi kukiandikia kitu mwisho wake kabla hakijaanza.

Dirisha la pili walitaka cheti cha ufundi.
Ninacho, cha mwaka wa themanini na nne,
muhuri wake wa nchi isiyokuwapo tena.
Binti yule alikigeuzageuza kama sarafu ya kale,
akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa wake,
wakakubaliana: nchi imekufa, nywele bado zinaota.

Dirisha la tatu, afya.
Nikapewa kikopo chenye kifuniko
na maelezo ambayo mwanamke wa heshima hayasomi kwa sauti.
Kesho yake nikakivusha bahari, nimekipakata kama mayai,
na padri Grgo, kiti cha mbele, akageuka kuuliza nimebeba nini.
Sheria, padri.

Kisha akaja mkaguzi, bwana Matulić, na tepu ya chuma.
Akapima banda la boti la marehemu Šime, sakafu hadi dari:
sentimita mbili pungufu.
Mbili! Upana wa kidole gumba.
Paa sikuliweza, nikaichimba sakafu,
siku tatu kwa sururu,
na kwenye pembe ya kaskazini nikafukua chupa ya rakia, nusu,
nikajua kwa nini alikuwa akikawia hivyo kufunga boti.
Nikapiga funda moja. Nikaendelea kushuka.

Maji ya moto. Kizimamoto. Bima.
Bei zibandikwe mlangoni, mtu azisome bila kuinama.
Na mashine ya risiti, ndogo kama sabuni,
ambayo kila nikipokea euro nane huunong'oneza mji mkuu:
Jerka amenyoa.
Julai nzima imenong'ona. Wacheki, Wajerumani,
mtoto mwenye chumvi masikioni aliyelia mpaka nikamshikisha chanuo.
Risiti mia tatu na kumi na saba.
Sikatai. Mtu aliyenyolewa na mgeni
ana haki ya kujua maji ni safi na wembe ni mpya.

Lakini kichwa cha Šime nilikinyoa miaka thelathini na mmoja
bila leseni, jikoni, taulo la vyombo shingoni.
Mara ya mwisho alikuwa kitandani.
Zilizokuwa zimebaki hazikujaza kiganja.
Hakuna aliyenidai risiti, wala sijui
safu ya kiasi ningeijaza nini.

Oktoba nimepeleka taarifa ya kufunga,
nimelipa cha kulipwa, mashine imelala kabatini.
Feri sasa inakuja mara mbili kwa wiki, ikipenda.
Na jana usiku, kelele dirishani:
Frane, miaka themanini na sita, nywele zimemwangukia kola,
chupa ya mafuta ya zeituni mkononi.

Nazijua kanuni, nimezisoma mpaka maandishi madogo.
Nje ya tarehe, malipo ni malipo, hata yakiwa mafuta.
Nikamwambia, ingia, kaa.
Ila chupa hiyo usinipe.
Iweke pale karibu na mlango,
halafu, ukiondoka,
isahau.