Sori

Mwenye nyumba wangu, Enid Hargreave,
ana neno moja analolitumia kama kisu cha jikoni:
kumenyea viazi, kufungulia barua,
kukwangulia barafu kwenye kioo cha gari.

Akikukanyaga, sori.
Ukimkanyaga wewe, yeye ndiye wa kusema sori,
na kiti alichojigonga nacho gizani
nacho hupewa yake.

Kwenye foleni ya posta, hapa Todmorden,
sori maana yake nipishe.
Ikivutwa mwishoni, sauti ikipanda ngazi,
maana yake umenipita mbele na huna adabu.
Simu ikikoroma, sori ni naam, rudia.
Mwenye bucha akitaja bei ya maini,
sori ni hivi una wazimu?
Hata paa la kanisa linalovuja
wao husema lina hali ya sori.
Mwaka wangu wa kwanza nilijiuliza
paa limemkosea nani.

Mimi nililelewa kwenye nyumba ya milango miwili.
Pole ni yako wewe uliyefikwa;
naingia nayo sina hatia, nina sufuria ya uji.
Samahani ni yangu; naileta mikono mitupu, macho chini.
Mtu akija msibani kwetu akasema samahani
mkeka mzima utageuka:
huyu naye alimfanya nini marehemu?
Kwao mlango ni mmoja,
na ukigongwa
hujui kaja wa kulia au kaja wa kulipa.

Enid ana kaka, Norris, ng'ambo ya mfereji.
Miaka kumi na tisa hawajasemezana
kwa sababu ya saa ya baba yao,
aliyoibeba Norris siku waliyomzika mama,
kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.
Taa ya jikoni kwake Enid huiona akiosha vyombo.
Anajua inazimwa saa ngapi.
Hajawahi kuniambia kwamba anajua.

Selwyn, mumewe, alikufa Februari,
amekaa kitandani, buti moja mguuni.
Baada ya mazishi walikuja na makoti yao mabichi,
wakala sandwichi za mayai, wakasimama karibu na ukuta.
Sori, Enid.
Sori sana, mpenzi.
Nilihesabu hadi arobaini na kitu, nikaacha,
vikombe vilikuwa vinanisubiri.

Ndipo Norris.
Kizingitini, hakuingia, kofia mkononi.
Saa hakuja nayo; nilitazama.
Akasema, Sori, Enid.

Chumba kiliacha kutafuna.
Nami kwenye sinki, kikombe kinachuruzika,
niliitafsiri upande mmoja, Pole, Enid,
nikaigeuza kama chapati, Samahani, Enid,
na pande zote mbili zilikuwa hazijaiva.
Labda hata yeye hakujua kaleta ipi.
Labda ndiyo maana watu wake walilitunga neno hili,
mwenye kiburi apite forodhani na mizigo miwili
akatangaza mmoja.

Sasa, huyu Enid
husikia panya akigeuka darini.
Husikia ufunguo wangu saa saba usiku
na asubuhi hunitajia dakika.

Aliinamisha kichwa.
Akaweka kiganja nyuma ya sikio, polepole,
kama mtu anayefunga kitufe cha juu.

Sori? akasema.

Mvua ilikuwa inamlowesha Norris mabega.
Hakuna aliyemwambia aingie.
Akaikunja kofia, akaikunjua,
akafungua kinywa.