Wateja wa Usiku

Gyu-ho alipoitwa jeshini aliacha boksi wazi:
magari matatu ya plastiki yanayojifanya mbao,
askari ishirini na wanne wa kijivu,
mrefu wao hafiki kifundo cha kidole changu,
na kikaratasi: Mama, usiguse.

Niligusa.

Mchana napaka kucha za watu, hapa Goyang, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Usiku nafuta meza ile ile kwa spiriti,
nawasha taa ile ile,
nao wanajipanga, wateja wangu wa usiku,
wasioangalia simu, wasiotoa bakshishi.

Hwacha, gari la moto.
Mzee Maeng wa duka la vinyago alinieleza akitafuna ngisi mkavu:
magurudumu mawili, juu yake kasha la matundu kama sega,
kila tundu mshale,
kila mshale umefungiwa kibomba cha karatasi chenye baruti.
Utambi mmoja tu, bibi,
na anga lote linashonwa.

Nimehesabu matundu. Mia.
Nikakosea, nikahesabu tena.
Kila ncha tone la fedha,
fedha ile ile niliyompaka bibi harusi Jumamosi.
Magurudumu niliyapaka nyekundu ya dukani kwangu, yakang'aa kama pipi;
nikayasugua kwa majivu na masalia ya chai
hadi yakakubali kwamba yamepita matopeni.

Kilima cha Haengju naenda kwa basi.
Husimuliwa kwamba siku ya vita kule
wanawake walibeba mawe ndani ya aproni.
Ndani ya boksi hamna mwanamke.
Basi nikamchukua askari aliyekatika mkono,
nikamfinyangia sketi kwa unga wa kucha bandia,
nikampa aproni,
na ndani ya aproni chembe tatu za mchanga.
Nzito, ukimtazama anavyoinama.

Jumapili Gyu-ho hupiga simu.
Yuko Cheorwon, kikosi cha roketi,
haruhusiwi kusema ngapi wala zinafika wapi.
Siulizi. Nauliza soksi.
Naye anauliza kama nimegusa.
Hapana, nasema.
Uongo wa mama hukauka upesi,
hauhitaji taa.

Macho ndiyo yaliyonishinda.
Doa jeupe, kisha doa jeusi kwa unywele mmoja wa brashi,
nami nimezuia pumzi mpaka kifua kinauma.
Wote wametoka wametumbua.
Nimefuta mara nne. Wametumbua vile vile,
mshika utambi kuliko wote.

Januari akaja, likizo ya siku nne.
Hata koti hakuvua.
Akainama mezani, nikangoja ugomvi.
Akamwinua mshika utambi kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Mama, mbona wote wameshtuka?"

"Wewe je, siku ya kwanza,
hukushtuka?"

Friji ilinguruma, ikanyamaza.
Akamrudisha mtu wake nyuma ya gari, polepole,
kama anayemlaza.
Kisha akavuta kiti cha wateja, akaketi,
akaweka mikono yote miwili juu ya taulo:
kucha zimevunjika, grisi imeingia hadi kwenye nyama.

Nikaenda kuchemsha maji.