Kimezamoto

Mimi riziki yangu ni baridi.
Friji za Majengo, friza za Sparki,
zikianza kutoka jasho naitwa mimi.
Lakini ikifika saa nne ya usiku
nafungua chumba cha nyuma
nikalishughulikie la moto.

Kerezo nililipata Shimanzi kwa bei ya chuma chakavu,
limekosa mguu mmoja, na meno mawili kwenye gia.
Mguu nikaupa tofali. Meno nikayatia shaba
nikayapiga tupa siku tisa.
Likizunguka, taa ya sebuleni hufifia
na Rukia husema bila kugeuka: "Ushaanza."

Nataka injini isiyolipuka.
Haina plagi, haina mvuke, haina bomba la moshi.
Ina tundu moja, na mbele ya tundu, taa ya spiriti.
Pistoni ikirudi nyuma huvuta ulimi wa moto ndani,
ulimi mzima, kama mtoto avutavyo uji wa kijiko;
kilango kinajifunga; moto unapoa humo gizani, unanywea,
na hewa ya nje, hii hii hewa ya Mombasa
tunayoilalamikia kwa uzito wake,
inaisukuma pistoni irudi kwao.
Basi. Nguvu yake yote ni kupoa.

Gurudumu: jiwe la mizani la duka lililofungwa Kibokoni.
Kilango: utepe wa saa ya ukutani
iliyokataa kuvuka saa sita kasorobo.
Taa: kichupa cha marashi. (Rukia alikitafuta mwezi mzima.)
Pistoni: kaboni ya mota ya lifti, maana haitaki mafuta.

Ya kwanza ilipwaya unene wa karatasi ya sigara.
Ya pili ikabana.
Ya tatu ikaniponyoka, ikapasuka sakafuni,
nami nikakaa chini pamoja na vipande vyake.
Ya nne niliitia silindani
kidole kikiwa kimeziba upande wa pili:
ikashuka polepole, polepole,
kama mtu anayeingia maji asiyoyajua.
Nikaondoa kidole. Tup!
Usiku ule sikulala.

Msellem wa pikipiki akaja kutazama.
"Yavuta nini?"
"Haivuti kitu."
"Yasaga?"
"Haisagi."
"Sasa yafanyani?"
"Yazunguka."
Akaomba maji, akanywa, akenda zake.

Na wala haikuzunguka.
Ilikuwa Februari, joto la kulaza paka chali kwenye vigae.
Nikawasha utambi, nikalisukuma gurudumu kwa kidole;
ikameza mara tatu, ikakoma.
Nikaishika silinda: vuguvugu kama shavu la mgonjwa.
Moto ulioingia ulijikuta kwao,
haukuona sababu ya kupoa.

Wiki tatu. Nikaipunguza taa, nikaisogeza, nikaitukana.

Ukumbini palikuwa na friza ya Bi. Maimuna
auzaye barafu za ukwaju,
aliyeniachia na vikombe kumi na viwili vya kujaribia.
Alfajiri moja Rukia akainua kifuniko,
akarudi na kikombe kimeganda mpaka mdomoni.
"Si wewe fundi wa baridi?"

Nikakivunja, nikakifunga kwa kitambaa,
nikaivisha silinda kilemba.
Nikawasha. Nikasukuma.
Ikameza.
Ikameza tena.
Kisha ikashika mwendo, tk-tk-tk-tk,
kama kijaluba kikifunguliwa na kufungwa
na bibi mwenye haraka.
Chumba kizima kikanuka spiriti na ukwaju.
Rukia alisimama mlangoni, mkono umeshika kitasa,
hakuingia, hakutoka.

Dakika nne na nusu.
Halafu shaba ikatoka jasho kwa ndani,
kaboni ikalowa, ikanata.
Kupoa ni kitu kimoja, baridi ni kingine;
hilo ningelijua, kwa kazi yangu.

Saa mbili Bi. Maimuna akaja na mkokoteni.
Akafunua friza, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.
"Kikombe kimoja ki wapi?"
Rukia akaelekeza kidevu chumba cha nyuma:
"Kimeliwa na moto."

Akanikata shilingi ishirini.
Haki yake.