Safu Zisizo Kufu

Saa nane usiku, Wete, umeme ndiyo kwanza umerudi,
na jedwali limenigomea mara ya kumi na moja.
Ufunguo wa nje haujengeki, lasema,
kisha lanyamaza
kama karani anayetaka kufunga dirisha.

Nimehesabu wakulima: mia sita na watatu.
Nimehesabu karafuu zao, gunia kwa gunia.
Hakuna mzigo yatima, kila mmoja una mwenyewe.
Nimelaumu mkato, nimelaumu mtandao,
nimemlaumu fundi aliyenitangulia, Mungu anisamehe,
naye yuko zake Mkoani anauza saruji.

Asubuhi Mize wa mizani akaniletea chai ya mchaichai
na kadi ya Shaame Mkasha, imelegea kwa jasho.
"Huyu kanigombeza jana. Risiti yako
imemnyang'anya sufuri.
Yeye ni sufuri, sufuri, nne, moja, saba.
Wewe umemwandika mia nne na kumi na saba.
Kasema yeye si bei ya samaki."

Si bei ya samaki.

Chai ikapoa.
Nikazifungua safu mbili, nikaziweka bega kwa bega.
Kwa wakulima: maandishi, tarakimu tano,
sufuri zimekaa mbele, hazina haraka.
Kwa mizani: namba tupu,
na namba haibebi sufuri ya mbele,
huitua njiani, haioni faida yake.

Usiku kucha nilikuwa naziozesha safu zisizo kufu
nikidhani kwa kuwa zaitwa jina moja, ni damu moja.
Hata makonyo na karafuu ni mti mmoja,
jamvi moja, jua moja,
na nani Pemba hii atayapima pamoja?

Nikabadili aina ya safu ya mizani.
Haikutosha: aina hubadilika kwa mstari mmoja,
kilichodondoka hakirudi chenyewe.
Nikazirudisha sufuri, mtu kwa mtu,
hadi kila namba ikatimia tano.
Kisha nikabonyeza.

Jedwali halikusema kitu.
Kimya chake, kama cha biharusi, ni ridhaa.

Adhuhuri Shaame akaja kuchukua risiti mpya.
Akapitisha kidole juu ya sufuri ya kwanza, ya pili,
polepole, kama anayepapasa mshono.
"Hizi zimerudi," kasema.
"Sasa nitafutieni kilo zangu mbili."

Hilo, nikamwambia, ni la Mize.