Upekecho

Saa tisa na nusu lilikuwa limesimama juu ya Chenene,
kichwa kimebapa kama fuawe la mhunzi,
kitako cheusi, kimenyooka, kama kimepigwa rula.
Niliegemea boneti ya pikapu
nikamwonyesha Nyemo uzi mmoja wa ukungu uliochomoza chini:
shika huo huo, mwanangu, macho yasiuachie,
upime na nguzo ya simu pale.

Kimya. Kisha: “Baba, linazunguka.”

Linazunguka. Kama mshale wa saa, ule wa dakika,
ukiutazama hauendi,
ukigeuka kumjibu mtu umeshaenda.

Nani analizungusha?
Mama yako hupikaje mlenda?
Viganja viwili, kimoja chaenda, kimoja charudi,
na upekecho katikati hauna la kuchagua.
Upepo huu unaotusukuma mgongoni unakwenda kwake.
Juu kuna mwingine, una njia zake.
Hewa ya moto ikipanda baina yao
husokotwa.

Umeme. Tukahesabu mpaka ngurumo: arobaini na moja.
Umeme. Thelathini na tatu.
Alitaka kupanda kichuguu aone vizuri.
Umeme. Ishirini na nane,
nikamshika ukosi nikamtia garini.

Shemeji Masinga alikuwa bado kati ya zabibu,
anakaza waya wa tatu
kana kwamba mzabibu uliofungwa haupigwi.
Waya ule unaanzia kwake unaishia kwa Chibago, 
umeme ukiingia huko haubishi hodi huku.
Nilipiga honi. Nikamtukana, mbele ya mtoto.
Akaja mbio, koleo mkononi.

Vioo juu. Mikono mapajani. Asiguse mtu bati.

La kwanza lilikuwa kama punje ya uwele.
Yaliyofuata yalikuwa mayai ya kanga.
Kioo cha mbele kikachanika toka pembe hadi pembe
na Masinga akawa anahesabu safu zake kwa midomo,
moja, mbili, tano,
bila sauti.
Zilibaki wiki tatu tuvune.

Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho nikafungua mlango.
Majani yamelala, maji ya zabibu yananata viatuni,
barafu imejaa mifereji hadi kwa jirani.
Lilikuwa limeshatupa kisogo,
cheupe, kimepigwa jua,
bado linajizungusha taratibu kama halijamkosea mtu.

Masinga hakushuka.
Mimi, Mungu anisamehe,
nilisimama nikalitazama tena.